Chuma Cheusi cha Nakuru: Kukinunua, Kukilea na Kukiamini

Msafiri atokaye pwani akapanda bara kwa njia kuu iendayo Malaba, akapita Naivasha na Gilgil na kuingia Nakuru alfajiri, hulakiwa kwanza na harufu ya unga unaoiva juu ya chuma. Karibu na vituo vya matatu na masoko, wapishi wamekwisha kuwasha makaa, na juu ya makaa hayo limelala bamba la chuma, bapa na jeusi, ambalo kutwa nzima halitapumzika. Asubuhi ni chapati za chai. Saa nne ni mayai. Adhuhuri ni chapati tena, za kuliwa na maharagwe au ndengu. Na jioni ni soseji na vitu vya kukaanga kidogo kidogo kwa watu warudio makwao.

Sisi wa pwani si wageni wa chuma hicho. Mombasa tuna mkate mayai, ambao hutandazwa juu ya bamba la moto, ukatiwa nyama ya kusaga na mayai, kisha ukakunjwa pembe nne. Unguja, jioni pale Forodhani, watu huzunguka mabamba kama hayo wakingoja zamu zao. Majumbani tuna tawa, neno tulilolipata kwa Wahindi pamoja na chombo chenyewe. Na kabla ya tawa, bibi zetu walikuwa na waya. Si waya huu wa umeme, bali chombo bapa cha udongo kilichofinyangwa na kuchomwa ili kuokea mikate. Siku hizi ukimwambia kijana akuletee waya wa kupikia mkate, atadhani umepotewa na akili.

Kwa hivyo habari ya bamba la Nakuru ni habari yetu pia. Ila chuma kilichotufaa ndani ya nyua zetu za Mji wa Kale si lazima kifae juu huko Bondeni, kwenye baridi na upepo. Wengi wa ndugu zetu wamepanda bara kwa kazi, kwa ndoa au kwa biashara. Wengine wakaona kuwa chapati ni riziki isiyohitaji mtaji mkubwa, wakanunua chuma kwa macho, wakajuta kwa mfuko. Makala haya yana jambo moja la kumwambia mwenye nia hiyo, na hata yule anayetaka chuma cha kuweka uani kwake tu. Uzuri wa chuma cha kupikia nje haumo katika kung'ara kwake. Umo katika uzito wake siku ya kununuliwa, na katika weusi wake siku zote baada ya hapo.

BARIDI, UPEPO NA HEWA NYEPESI

Nakuru imekaa juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,850, chini ya mlima Menengai, katika sakafu ya Bonde la Ufa. Ulianza kuwa mji baada ya reli kufika hapo mwaka 1900, reli iliyojengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, watu ambao chapati kwao ndicho chakula cha kila siku. Tarehe 1 Desemba 2021 mji huo ukapewa hati ya kuwa jiji. Jirani yake ni Njoro, ambako Lord Delamere alijaribu kilimo cha ngano mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambako mpaka leo wataalamu huzalisha mbegu mpya za ngano na kuzipa majina ya ndege, kama Tai na Korongo. Ingawa ngano nyingi iliwayo Kenya sasa hutoka ng'ambo, si ajabu kwamba katika sehemu hizi unga mweupe umeota mizizi.

Kwa mpishi, kimo hicho cha mita 1,850 kina maana tatu. Kwanza, maji ya Nakuru huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi, na si 100 kama yetu ya ufukweni; ndiyo sababu maharagwe yanayoiva upesi Mombasa hukawia sana huko. Chuma hakina habari hiyo. Chuma hupanda joto kadiri ya moto uliopo chini yake, hata nyuzi 200 na kupita, iwe Lamu au Nakuru. Penye sufuria kuchelewa, bamba huwahi.

Pili, hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu sehemu moja katika tano. Moto hula hewa kama sisi tulavyo, kwa hivyo makaa yale yale huamka kwa uzito zaidi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna baridi na upepo. Usiku wa Juni na Julai joto hukaribia nyuzi 10, na mpishi huanza kazi kabla jua halijatoka. Upepo hupita juu ya bamba ukiiba moto, tena hupita chini yake ukiyatawanya makaa.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Chuma ni ghala la moto. Unapotupa donge la unga baridi juu yake, donge hilo huchota moto kutoka ghalani. Ghala likiwa kubwa, halishtuki. Likiwa dogo, linakauka papo hapo, chapati inakaa juu ya chuma vuguvugu, inajikausha badala ya kuiva, na unapata kitu kigumu kama soli ya kiatu. Pwani, kwa joto letu na kuta zetu, bamba jembamba laweza kujificha aibu yake. Nakuru, nje, saa kumi na moja alfajiri, halina pa kujificha.

UZITO NDIO BEI

Vyuma vinavyouzwa ni vya aina nyingi, nami nitavitaja kwa ufupi.

Kuna bamba lililokatwa kwenye pipa kuukuu la lita 200. Hili ndilo rahisi kuliko yote, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa cha rahisi ni ghali. Ukuta wa pipa ni wa kiasi cha milimita moja tu. Ukiuweka juu ya makaa makali utapinda katikati kama sahani, mafuta yote yakimbilie shimoni, na pembeni pabaki pakavu. Tena pipa lina siri. Huenda lilibeba mafuta ya kula. Huenda lilibeba rangi, gundi, au dawa ya kuulia wadudu ya mashambani. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha pipa lilikuwa la nini, lipishe njia.

Kuna bati lililopakwa zinki, lile la kijivu lenye maua maua. Hilo usilitie motoni kamwe. Zinki ikishika moto mkali hutoa moshi mweupe ambao ukiuvuta hukuletea homa na kubanwa kifua. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo.

Kuna alumini, na kuna visahani vilivyopakwa dawa ya kuzuia chakula kushika. Hivi ni vya jiko la ndani na moto wa upole. Makaa yakipulizwa vizuri hufikia joto la kuyeyusha alumini, na ile dawa nayo huanza kuharibika inapopita nyuzi 260 hivi. Chuma kisichoshika kutu kinapendeza machoni, lakini husambaza moto vibaya, na unga hukishika sana.

Wanabaki wawili wanaostahili fedha yako. Wa kwanza ni chuma cha kusubu, kile kizito cha kumiminwa katika kalibu. Hutunza moto kwa muda mrefu, lakini ukikiangusha juu ya saruji, au ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto, chaweza kupasuka. Wa pili ni bamba la kawaida la chuma cha kujengea, lile liuzwalo na wenye maduka ya vyuma kwa unene wa milimita 3, 4, 6 na kuendelea, kisha likakatwa na kuchomelewa miguu na mafundi wa jua kali. Hili halivunjiki, hutengenezeka, na fundi yeyote wa mtaani aweza kulirekebisha. Kwa kazi ya nje, hili ndilo mfalme.

Mafundi hao wa jua kali twawatazama kama watu wa kubahatisha, kumbe ni nguzo ya nchi. Tangu mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake juu ya ajira nchini Kenya, wasomi wa uchumi ulimwenguni walianza kuitambua kazi hii isiyo na ofisi wala paa. Fundi mzuri atakukatia bamba kwa kipimo chako, akulainishie kingo zisikukate, na akuinulie ukuta mfupi pande tatu. Lakini biashara ni biashara, na milimita hazionekani kwa jicho la haraka. Basi nenda na mizani.

Hesabu yake ni nyepesi. Bamba la unene wa milimita 6, lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 45, halina budi kuwa na uzito wa kilo 12 na nusu hivi, bila miguu. Likiwa la milimita 3, ni kilo 6 na kitu. Fundi akikwambia ni la milimita 6 na mizani ikasema kilo 8, mizani haina ukoo na mtu. Kwa mwenye kuuza chapati, milimita 6 ndicho kipimo cha kutafuta. Chini ya 4 usiende. Kwa nyumba ya watu sita au saba, chuma cha mviringo cha sentimita 35 na unene wa milimita 3 au 4 chatosha, maana kizito kupita kiasi kitakula makaa mengi kabla hakijakupa chapati ya kwanza.

Kabla hujalipa, fanya majaribio mawili zaidi. Simamisha rula juu ya bamba, uitazame kwa upande wa mwanga. Mwanga ukipenya chini yake katikati, bamba limepinda. Kisha litazame lilipochomelewa. Chuma kilichochomelewa mstari mzima kwa pupa huvutwa na joto kikakunjamana. Miguu hufaa zaidi ikishikiliwa kwa vidonda vichache, au bamba likalazwa tu juu ya fremu bila kufungwa, ili lipate nafasi ya kutanuka. Mwambie fundi pia ainamishe fremu kidogo mno kwa upande mmoja na kuweka mfereji mdogo wa kupokea mafuta. Na zile kuta tatu fupi zishuke pia chini ya bamba, zikayakinge makaa na upepo. Kinga hiyo ni ya bei ndogo, na italipa gharama yake kwa makaa utakayookoa.

Anayetaka gesi badala ya makaa na ajue mambo matatu. Kichomeo kimoja cha duara chini ya bamba refu huacha pembe zikiwa baridi. Takeni mabomba mawili au matatu yaliyolala sambamba. Upepo waweza kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka, nayo gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika. Kwa hiyo kinga ya upepo hapa ni ulinzi wa roho. Na mpira wa gesi hukaguliwa kwa povu la sabuni, si kwa njiti ya kibiriti.

KUKIKOMAZA

Chuma kipya ni kama mtoto mchanga, hakina adabu. Kila ukiwekacho hukishika. Mpishi asiyejua husema, chuma hiki ni kibovu, akaenda kununua kingine. Kosa halimo chumani. Hakijakomazwa.

Kukikomaza ni kukivisha ngozi. Mafuta ya kula yakipakwa membamba juu ya chuma na kupashwa moto mpaka yatoe moshi, hubadilika tabia. Huungana yenyewe kwa yenyewe, yakagandamana na chuma, yakawa utando mgumu, mweusi, laini, usiotoka kwa maji. Utando huo ndio unaozuia unga kushika na kutu kuingia.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza ondoa lile gamba la kijivu la kiwandani kwa msasa, maana ngozi ikikaa juu ya gamba, gamba likibanduka huondoka nayo. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Hii ni ruhusa ya mwanzo tu. Kausha juu ya moto. Kisha, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi, pasha bamba likolee, paka mafuta kidogo kwa kitambaa cha pamba, halafu chukua kitambaa kingine kikavu uyafute kana kwamba umeghairi. Unachobakiza baada ya kufuta ndicho kiasi kinachotakiwa. Acha moshi upande mpaka ukome, robo saa au zaidi. Rudia mara nne au tano. Mwenye haraka humwaga mafuta mengi mara moja, akapata ulimbo unaonata kama wa kutegea ndege.

Na hapa sisi wa pwani tuna la kujifunza. Mafuta tuyapendayo, ya nazi na samli, ni matamu katika chakula, lakini kwa kazi hii ni dhaifu. Hayo ndiyo mafuta yagandayo kwa baridi, na mafuta ya namna hiyo hayapendi kuungana yakawa ngozi. Yafaayo ni mafuta ya alizeti, ya mahindi, ya soya, au hata ya ufuta. Mafuta ya mawese yako katikati. Basi komaza kwa alizeti, kisha pikia samli yako kwa raha.

Wiki za mwanzo kipe chuma kazi za upole: vitunguu, mayai yenye mafuta, chapati za mafuta. Ukikianzishia nyanya, ndimu au ukwaju, ukali wa vitu hivyo utaila ngozi changa, na chakula kitapata ladha ya chuma. Nyama iliyolala katika ukwaju na ndimu mahali pake ni juu ya wavu wa mishikaki, si hapa. Samaki mkunje angali mbichi. Na chuma nacho, kifundishe kingali kipya.

JUU YA MOTO

Bamba zito lapaswa kuamshwa taratibu. Washa makaa, yaache yashike mvi, kisha yapange mengi upande mmoja na machache upande wa pili. Hivyo utakuwa na sehemu mbili juu ya chuma kimoja: ya kuivishia, na ya kuweka vilivyoiva visipoe. Tone la maji likiruka na kucheza juu ya chuma kama shanga, joto limefika. Kisha nyunyiza chembe za unga. Zikigeuka rangi ya hudhurungi polepole, weka chapati. Zikiwa nyeusi papo hapo, punguza makaa.

Unga mkavu unaodondoka kutoka kwenye chapati huungua na kuwa vumbi jeusi chungu. Baada ya kila chapati mbili tatu, lifute kwa kitambaa kikavu cha pamba, si cha nailoni, ambacho kitayeyuka. Mpishi mvivu huliacha vumbi hilo, na chapati yake ya kumi huwa na madoadoa machungu ambayo ya kwanza haikuwa nayo.

Jambo moja lisisahauliwe na wanaoishi kwenye baridi. Kazi ikiisha jioni, makaa yakiwa bado mekundu na vidole vikiwa vimekufa ganzi, kuna kishawishi cha kulivuta jiko ndani na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi ambao hauamki. Jiko lililozaliwa kwa kazi ya nje na lilale nje.

IMANI YA MLAJI

Sasa twafika penye uzito usiopimika kwa kilo. Nakuru ni njiapanda ya watu wa kila kabila na kila dini. Madereva wetu wa malori yatokayo bandarini hupumzika hapo, au husogea mbele hadi Salgaa. Njaa haina saa, na bamba la kando ya njia halina kibao. Je, asubuhi limekaanga nini? Soseji zile ni za nyama gani? Mpishi akiuza kwa watu wote, si dhambi yake. Lakini mteja Mwislamu ana haki ya kuuliza, na mpishi ana faida kubwa katika kujibu kwa ukweli.

Suala hilo huwa kali zaidi kwa anayenunua chuma kilichotumika. Ngozi ile tuliyoisifu ni mafuta ya yaliyopita. Kama chuma kilikaangia nguruwe, weusi wake ni wa nguruwe. Wenye kufuata madhehebu ya Imamu Shafi, kama wengi wetu pwani, wanalijua sharti la kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, na kwamba moto peke yake hautoharishi. Na zipo hadithi za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoulizwa juu ya vyombo vya Watu wa Kitabu, akaelekeza kuwa asiyepata vingine avioshe kisha alie humo. Kwa upande wa ufundi, njia ni moja: ondoa ngozi yote kwa maji ya magadi na msasa mpaka chuma kiwe kitupu, kioshe kwa taratibu ya sheria, kisha kianze upya utoto wake. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni wa mtaa wake. Na mwenye uwezo, chuma kipya ni usingizi mtulivu.

Kwa mpishi, shauri langu ni hili. Ukitaka wateja wa aina zote, weka mabamba mawili na miiko miwili, na usiyachanganye hata siku ambayo hakuna anayekutazama. Dereva mmoja aliyeridhika huwaeleza wenzake njia nzima kutoka Mariakani hadi Malaba.

WEUSI WA AINA MBILI

Wako watu, na wengine ni wakaguzi wa haraka haraka, wanaoona chuma cheusi wakasema ni uchafu. Na wako wake zetu, mashallah, wenye kupenda usafi, ambao wakifika tu nyumbani hukichukua chuma cha mtu, mchanga na waya wa sufuria, wakakisugua mpaka king'are kama senti mpya. Wamekiua.

Weusi ni wa aina mbili, na dawa ya kuutambua ni kitambaa cheupe. Pangusa chuma kikiwa vuguvugu. Weusi ukibaki chumani, laini na wenye kung'aa, na kitambaa kikatoka na manjano kidogo ya mafuta tu, hiyo ni ngozi, iheshimu. Weusi ukihamia kitambaani, ukawa na chenga na uchungu, huo ni uchafu; uondoe. Mpishi anayeweza kupangusa chuma chake kwa kitambaa cheupe mbele ya mteja hahitaji kibao.

Kuutunza ni kazi ya dakika tano kila siku. Chuma kikiwa bado na joto, kwangua mabaki kwa ubapa wa mwiko wa chuma. Yaliyoshika yamwagie maji ya moto kidogo, si ya baridi, maana chuma cha moto kikishtuliwa hupinda. Sugua kwa makumbi ya nazi. Kule juu ambako minazi haioti, gunzi la mahindi hufanya kazi ile ile. Kausha juu ya makaa yanayokufa. Paka mafuta membamba, ufute. Jivu lililo chini ya bamba ulimwage, kwani jivu hunyonya unyevu na kuilisha kutu usiku kucha. Kisha funika. Nakuru adui ni umande na mvua za Machi hadi Mei. Kwetu pwani adui ni chumvi iliyo katika upepo wa bahari, ambayo haipumziki hata kiangazi.

Na kutu ikiingia? Kutu si mauti. Isugue kwa msasa mpaka uone chuma, osha, kausha, komaza tena mahali hapo. Bamba la milimita 6 lina nyama ya kutosha ya kuvumilia makosa ya miaka mingi. Lile la pipa, ukilisugua mara tatu, unaona ng'ambo.

Mtu aweza kusema, yote haya kwa ajili ya chapati? Tufanye hesabu. Tuseme mpishi huharibu chapati tano kila siku kwa chuma kibovu, na kila moja ni shilingi 20. Ni shilingi 100 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 2,600. Hiyo ni karo, ni kodi, ni dawa ya mtoto, inateketea mwezi baada ya mwezi kwa kuwa mtu alitaka kuokoa kidogo siku ya kwanza, au hakuwa na subira ya kupaka mafuta mara tano.

Chapati ya chuma hicho imesafiri mbali. Reli ilivuka Nakuru ikafika ziwani mwaka 1901, na huko Uganda, mitaani Kampala, vijana wa siku hizi wameifanya chapati iliyokunjwa na mayai kuwa fahari ya taifa, wakaiita rolex, na mwaka 2016 wakaiandalia tamasha lake. Wote hao wanasimama nyuma ya bamba moja, wa Forodhani, wa Wandegeya na wa Nakuru, na wote wamefundishwa somo lile lile na mwalimu yule yule asiyesema. Nami nimelifunga somo hilo katika ubeti huu, ili aliye na mikono yenye unga asilazimike kushika gazeti:

Kilichokomaa chuma, hakitishiki kwa moto,
Kwa mafuta na huruma, kilee kama mtoto,
Weusi wake heshima, haukuja kwa mkato,
Ukiupara lawama, ni yako, pia majuto.

Basi, ndugu msomaji, ukenda kwa fundi kesho, chukua mizani na rula. Ukirudi, chukua alizeti na subira. Na siku mgeni atakapotaka kukusaidia kwa mchanga na waya wa sufuria, mpe kazi ya kukanda unga.